Barua kwa mwanangu: wakili wa mwenye jengo na cheti cha ndoa

Marahaba mwanangu Rashidi. Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza bila miwani nikadhani unauza flati. Unauliza hivi ni kweli ukiongeza miaka ya mkataba wa hiyo flati ya Reading, huko Uingereza, unamlipa wakili wako halafu na wakili wa mwenye jengo pia? Ndo hivyo baba, unalipa wote wawili, na yule mthamini wao anayekuja kugongagonga kuta naye ni juu yako. Flati za huko unanunua miaka tu, jengo linabaki la mwenyewe, na miaka ukiiongeza sheria yao ya 1993 ndo inasema ulipe hivyo. Hata mi nilishangaa, yaani mtu anakuja kubishana na wewe bei na nauli unamlipia wewe.

Ila hilo lisikunyime usingizi. Sisi kilichotula si wakili, kilichotula ni kusubiri. Nimeshawaambia sana nyie watoto, mtu anayekusubirisha ujue anahesabu.

Ile flati yetu ya East Ham, London, unaikumbuka, lakini hili hulijui, ulikuwa mdogo. Mkataba ulikuwa wa miaka 99 kuanzia 25 Machi 1985. Sasa kule miaka ikishuka chini ya 80 bei inaruka, maana flati ikipata miaka mipya inapanda thamani, na mwenye jengo anachukua nusu ya huko kupanda. Kwa hiyo siku yetu ya mwisho ilikuwa Machi 2004 na marehemu baba yako alijua vizuri tu, tarehe aliizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Lakini ajenti wa mwenye jengo, mzee mmoja mpole kweli, akamwambia notisi ya kisheria ya kudai miaka ni ya nini bwana, mawakili watawala hela bure, tuelewane wenyewe. Na baba yako akikutana na mtu mpole unamjua. Barua ikienda majibu wiki sita. Inaenda nyingine, mzee yuko likizo. Mara wanatafuta faili. Machi ikapita hivihivi, na bei waliyotutajia Mei haikuwa ile ya mwanzo.

Ndo tukaenda kwa wakili, Novemba hiyo, imebaki miaka 79 na miezi minne. Wakili mwenyewe binti mdogo tu, akatueleza kuna hela imeongezeka, ile nusu ya kupanda, inaitwa thamani ya ndoa, wao ndo wanaiita hivyo, eti umiliki wa mwenye jengo na mkataba wa mpangaji vinaoana. Baba yako hakungoja amalize. Akainama akafungua ule mkoba wa ngozi akatoa cheti cha ndoa, kile chetu cha Tanga kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani akakinyoosha kwa kiganja, akasema huyu ni mke wangu halali. Binti wa watu akakisoma chote kwa heshima zake, na Kiswahili hajui hata neno. Mi nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi ndo akatutajia hiyo ndoa yetu thamani yake pauni 4,200, kicheko kikakata palepale. Na mlikuwa mnauliza mbona nyumba ya Raskazone imekaa bila bati mpaka 2007, basi bati ndo zile.

Kosa la baba yako? Mara nasema ndiyo, alimwamini mtu kwa sababu ya upole wake. Halafu najiuliza, kwani kalenda si ilikuwa jikoni kwangu? Nilikuwa naiona kila siku nikikuna nazi. Mungu amrehemu.

Bili ya wakili wao ilipokuja ndo nikaishika mimi. Pauni 1,350 bila VAT. Yule binti akaniambia unalipa gharama za kuingia akilini tu, zile ambazo mwenye jengo angekubali kama hela ingetoka mfukoni mwake mwenyewe. Nikaomba mchanganuo wa dakika kwa dakika. Dakika 36 kusoma barua moja! Barua hiyo niliandika mimi, mistari sita, kuwaambia mthamini aje Jumanne. Wakashusha pauni 300, na mpaka leo nikiikumbuka hiyo 300 nakuwa na furaha kama nimeokota. Na wewe ukifika kwenye baraza lao la kuamua migogoro kubishania bei, huko kila mtu na gharama zake, usikubali waichomeke kwenye bili.

Ukipeleka notisi halafu ukaghairi bado utawalipa kwa kazi waliyofanya mpaka siku hiyo. Lakini notisi ina raha yake, siku unayoipeleka ndo miaka inahesabiwa, wakizubaa wanazubaa wenyewe. Sisi mwishowe tulipata miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya pango la ardhi ikawa punje moja ya pilipili manga, yaani bure, imeandikwa kabisa. Wangekuja kuidai ningewapa ya Muheza.

Sasa huyo rafiki yako anayesema ungoje sheria mpya. Kweli imepitishwa Mei 2024, inatoa miaka 990, thamani ya ndoa inafutwa, na wakili kwa sehemu kubwa kila mtu anamlipa wake. Masharti ya kumiliki miaka miwili kwanza walishayaondoa Januari 2025. Ila vipande vya hela mpaka leo ninavyoandika havijaanza kutumika. Ukingoja unaweza kuokoa nyingi, siwezi kubisha, na wewe una miaka 82 haujafika kwenye mstari. Sikwambii la kufanya, ushakuwa mtu mzima una mke. Lakini ningekuwa mimi... basi, nimesema sikwambii. Anayekusubirisha anahesabu, hata akiwa serikali.

Kwanza hiyo 82 umeitoa wapi, kwenye mkataba wenyewe au kwenye karatasi ya dalali? Nipigie picha ukurasa wenye tarehe ya kuanza, unitumie leoleo.

Mama