Karakana kwenye kiwanja cha makazi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kufungua karakana ya kuchomelea mageti kwenye kiwanja chako, kwa kuwa tayari unayo leseni ya biashara. Leseni haibadilishi matumizi ya ardhi, na barua ya mwenyekiti wa mtaa haibadilishi pia.

Anza na hati yako: soma sharti la matumizi. Kama limeandikwa "makazi" peke yake, karakana ni ukiukaji wa masharti. "Makazi na biashara" nayo isikudanganye. Hiyo ni ya duka chini, nyumba juu, si ya mashine ya kukata vyuma usiku. Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuona mchoro wa mipango miji, yaani ule unaoonyesha kila kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Wengi hushika ramani ya upimaji, ambayo kazi yake hasa ni kuonyesha mipaka na mawe ya mipaka, si matumizi.

Ukitaka kubadili, omba mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya 2007, kabla ya kumwaga zege. Majirani wakipinga kelele na moshi, unaweza kukwama hapo. Kwa kuchomelea, mimi ningekodi eneo la viwanda vidogo.