Akubali kosa ili yaishe? Jibu langu kutoka Houston

Mdogo wangu wa Morogoro ameuliza kwenye kundi la familia na wengi mmedakia, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja. Kijana wa jirani yetu aliyeko huku Houston kampiga mkewe, mke kapiga 911, namba ya dharura ya huku, kijana kalala mahabusu hadi mkachanga dhamana akatoka. Wazee wamewapatanisha kwa simu, mke kasamehe, lakini kesi haijafutwa. Mwendesha mashtaka anasema kijana akikiri kosa atawekwa chini ya uangalizi tu, hafungwi, arudi kazini. Je, akubali? Na hawa Wamarekani wana nini, mbona hawataki watu wapatane?

Mnajua kazi yangu ni ukalimani, na siku nyingi nashinda mahakamani nikiwakalimania watu, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mimi si wakili. Ila nimesimama kando ya washtakiwa wengi kiasi cha kujua wapi wanapoteleza.

Nianze na upatanisho. Kesi si ya mke. Kwenye karatasi imeandikwa Jimbo la Texas dhidi ya fulani, na mke ni shahidi tu. Najua hata kwetu huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, lakini kwetu shahidi asipoonekana mara mbili tatu, faili linalala na watu wanarudi kula pilau. Huku mke anaweza kuapa kwa maandishi kwamba hataki kesi iendelee. Mwendesha mashtaka ataisoma hiyo karatasi, ataiweka kwenye faili, na akitaka ataendelea. Anayo sauti ya mke kwenye simu ya 911, na tangu mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani imekubali kwamba maneno ya mtu anayeomba msaada wakati hatari ikiendelea yanaweza kusikilizwa hata kama mwenyewe hakuja kutoa ushahidi. Ile kinga ya mke kutotoa ushahidi dhidi ya mumewe nayo haifanyi kazi pale aliyepigwa anapokuwa ni yeye. Anaweza kuitwa kwa hati ya mahakama, na akiitwa anakwenda.

Mnasema hakumuumiza, ni kofi tu, hata alama hana. Sheria ya Texas inahesabu maumivu kuwa ni jeraha. Akisema "iliniuma", inatosha kufungua shtaka la daraja A, la juu kabisa katika makosa madogo, ambalo adhabu yake ni hadi mwaka mmoja jela ya kaunti na faini hadi dola 4,000. Kama alimkaba shingo, pumzi au damu ikazuiwa hata kidogo, tunahama kabisa kutoka makosa madogo. Hapo ni kifungo cha miaka 2 hadi 10 na faini hadi dola 10,000. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakili ni kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mlichosimuliwa kwa simu hakitoshi.

Halafu kuna amri ya kukaa mbali na mke. Hakimu anaweza kuitoa hata mshtakiwa akiwa bado mahabusu, na kwa kawaida hudumu siku 31 hadi 61. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia sana. Mke anapiga simu, "rudi tu, watoto wanalia." Mume anarudi. Jirani anasikia sauti zinapanda, polisi wanakuja, na jamaa anakamatwa upya kwa kosa jingine kabisa, hata kama kila kitu kilikuwa shwari. Mke hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo, mwenye nayo ni hakimu. Kijana akae kwa rafiki, na nguo akafuatiwe na mtu mwingine.

Sasa naomba wazee mnisikilize, kwa heshima zote. Simu za mahabusu zinarekodiwa. Mkiongea Kiswahili, hata Kiluguru, msidhani mmejificha. Anaitwa mkalimani, anakaa na vipokea sauti masikioni, anaandika neno kwa neno. Nimewahi kukalimani baba mkwe akimwambia binti, "ukienda mahakamani usirudi kwetu." Texas ina kosa la kuvuruga shahidi: kumtisha, au kumpa au kumwahidi chochote ili asitoe ushahidi au akwepe wito. Ni kosa zito, linaweza kuzidi lile kofi. Na kijana akisikika ndiye aliyewatuma, mmemuongezea mzigo ninyi mnaompenda. Mwacheni yule binti. Kama mnampigia, muulizeni watoto wamekula nini, basi.

Nije kwenye kukiri. Huku kesi nyingi haziendi kwenye kusikilizwa. Mahakama Kuu yenyewe ilisema mwaka 2012 kwamba katika kila hukumu 100 za hatia kwenye majimbo, 94 zinatokana na mshtakiwa kukiri. Kwetu makubaliano ya namna hii yaliingia kwenye sheria mwaka 2019, na mnakumbuka wale wa uhujumu uchumi waliokiri, wakalipa na kutoka. Huku ni utaratibu wa kila asubuhi. Wakili na mwendesha mashtaka wanaongea pembeni dakika chache, mshtakiwa anaulizwa, anaitikia, anatoka kwa mlango wa mbele. Na mtu aliyelala kwenye sakafu ya mahabusu, bosi anampigia, kodi ya nyumba inamngoja, ataitikia chochote.

Anachopewa huyu kijana, kwa jinsi mlivyoeleza, ni hukumu iliyoahirishwa. Anakiri, hakimu hamtii hatiani, anaripoti kwa afisa, analipa ada, anahudhuria darasa la wagomvi wa nyumbani. Akimaliza vizuri, kesi inafutwa. Kwa raia wa Marekani hiyo ni nafuu kweli. Lakini hata kwa raia ina mkia: kwa ugomvi wa nyumbani rekodi hiyo haifichiki kama makosa mengine, na akirudia, jimbo linaihesabu kana kwamba alitiwa hatiani, kosa la pili likapanda hadi lile la miaka 2 hadi 10.

Kwa mwenye grini kadi kama huyu kijana, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu bila kuwa raia, ni hatari zaidi. Sheria ya uhamiaji ni ya taifa na ina macho yake. Mtu akikiri na akapewa sharti lolote la kutekeleza, uhamiaji wanahesabu kwamba ametiwa hatiani, hata kama Texas inasema kesi imefutwa. Na kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani ni sababu inayojitegemea ya kumfukuza mtu nchini, iwe amekaa mwaka mmoja au ishirini. Kijana anaweza kumaliza uangalizi wake kwa utii wote, akaja kwetu kwenye harusi, halafu akazuiliwa uwanja wa ndege anaporudi.

Kuna mtu anaitwa Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kulitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na bangi, wakili wake akamwambia asijali uhamiaji, ameshakaa sana. Akakiri, na kukiri huko kukamweka kwenye njia ya kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya namna hiyo kabla hajakiri. Kwa hiyo kijana ana haki ya kuuliza: "Nikikiri hili, grini kadi yangu inakuwaje?" Akijibiwa "usijali", aombe jibu la maandishi.

Je, ana utetezi? Huenda anao. Texas inaruhusu mtu kujilinda kwa nguvu zinazolingana na alizotumiwa, na polisi wakifika kwenye ugomvi hawajui nani alianza. Jimbo lazima lithibitishe bila shaka ya maana mbele ya baraza la raia wa kawaida wanaoamua kama ana hatia, ambalo kwa makosa madogo huwa la watu 6, na wote wakubaliane. Wakati mwingine mwendesha mashtaka anakubali kubadilisha shtaka liwe jingine lisilotaja mwanafamilia wala kuumiza, na mabadiliko hayo madogo kwenye karatasi ndiyo yanayookoa grini kadi. Hayo yanapatikana kabla ya kukiri. Ila kama alimwelezea polisi kila kitu pale mlangoni, kama tulivyolelewa kujieleza kwa wakubwa, kazi ya wakili imekuwa ngumu.

Msimpelekee ushauri wa binamu aliyeko New Jersey. Kila jimbo lina sheria zake: kule kuendesha gari umelewa mara ya kwanza ni kosa la barabarani, huku Texas ni jinai ya hadi siku 180 jela.

Kuhusu mchango, fedha mlizompa mdhamini wa kulipwa zimekwenda. Kwa kawaida anachukua kama asilimia 10 ya dhamana na hazirudi. Kama hana uwezo, aombe wakili wa kupewa na mahakama, na msimdharau kwa sababu ni wa bure, wengine ni hodari ila wana kesi nyingi mno. Hizo mnazokusanya sasa mlipieni saa moja ya wakili wa uhamiaji aisome ile ofa, kwa sababu huyo serikali haimlipi.

Kwa hiyo asikubali wiki hii. Wakili wake aombe tarehe nyingine. Mkinitumia namba ya kesi nitaangalia tarehe hiyo kwa karani wa mahakama, ni taarifa ya wazi kwa yeyote. Zaidi ya hapo msinihusishe, kwani nikipangiwa kuikalimani kesi hiyo itabidi nijitoe, na wakalimani wa Kiswahili hapa ni wachache.