Batani za Ferrari 360 zinazonata
Kaka umeuliza kwa nini batani za ndani ya gari yako ya Ferrari 360 zinanata vidoleni, sio uchafu, ni ile rangi laini ya juu inaoza kwa joto na unyevunyevu, na kwa hali ya hewa ya Dar ndo kabisaa, hata magari ya Maserati ya enzi za hiyo 360 yana ugonjwa huohuo. Thina na petroli usiguse, zinakula plastiki yenyewe. Chomoa kipande chenye batani, chukua spiriti ya duka la dawa na kitambaa laini usugue taratibu mpaka ibaki plastiki tupu. Shida ni alama zilizochorwa kwenye batani, vile vipicha vya taa na vioo mara nyingi vinatoka na rangi, so piga picha kwanza. Ukitaka kupaka upya anza na praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikilia) alafu rangi nyeusi isiyong'aa.