Maji yalijaa nyuma yetu, sa naogopa kuwapeleka wanangu Mtwara

Shikamoo Shangazi,

Mi naishi Temeke ila kwetu Mtwara, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 10 mwingine 7. Mwaka 1999 nikiwa na miaka 9 tulienda likizo ya mwezi wa sita kwa mjomba pale Shangani, enzi hizo daraja la Mkapa bado, Rufiji tunavuka na pantoni. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, maji yalikuwa yametoka mbaliii, mi na binamu yangu tukawafuata akina mama wanaochokoa pweza. Tukanogewa kuokota simbi kwenye fungu la mchanga, hatujui wenzetu washaanza kurudi. Kugeuka, pale tulipopita pakavu pana maji na yanakwenda mbio kama mto. Tukaingia hivohivo. Yakafika kiunoni, yakafika kifuani, nikaona ndala ya binamu inaelea inaondoka zake, nikajua sa tunakufa. Mama mmoja akarudi, akafungua kanga yake ya juu akanirushia ncha, akasema "shika, usiachie", na binamu yangu yule mama akambeba mgongoni. Nyumbani tukachapwa na ikaishia hapo, mpaka leo hakuna aliyeizungumzia.

Sa mke wangu anataka mwezi wa sita tuwapeleke watoto wakaone kwetu. Nimeshatoa visingizio vyote vimeisha. Hata bichi za hapa Dar siwaruhusu maji yapite vifundo vya miguu. Huu ni ugonjwa, Shangazi?

Baba wa wawili, Temeke

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye ndala nilisimama kusoma kwanza nikafuta macho.

Ugonjwa mi siuoni. Naona mtoto wa miaka 9 aliyeponea chupuchupu, karudi anatetemeka, kapokewa na fimbo. Wakubwa wako nao walikuwa wameogopa kupita kiasi, hofu ikawatokea mkononi, ila hakuna aliyekukalisha akakwambia nini kilitokea pale baharini. Kwaiyo umebaki na bahari inayovizia watu kwa nyuma miaka yote hii. Ngoja nikwambie mimi basi.

Siku ile ilikuwa bamvua. Pwani yetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa nne saa tano asubuhi, halafu yanajaa pomoni mida ya saa kumi jioni, na tofauti ya chini na juu inapita mita 3, yani kimo cha dari ya nyumba. Yanachukua kama masaa sita kupanda lakini hayapandi sawasawa, saa la kwanza yanajivuta utadhani yamelala, la tatu na la nne ndo yanakuja kwa kasi. Na hayaanzi kukufuata pale uliposimama. Yanajaza kwanza mabonde na vijito vya chini vilivyo kati ya fungu na ufukwe, we uko juu miguu mikavu unaokota simbi, kumbe njia ya kurudi imeshafungwa. Mtoto atalijuaje hilo? Wale akina mama walilijua tangu wadogo, ndo maana waliondoka mapema. Hukufanya ujinga wowote mwanangu.

Wapeleke. Ila asubuhi ya kwanza nenda peke yako na mjomba, au mvuvi yoyote wa pale Shangani, maji yakiwa yanatoka, mtembee mpaka fungu lenyewe akuonyeshe mkondo unapita wapi, usimame hapo hata kama magoti yanagonga. Watoto wapeleke siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haitembei sana siku hizo. Na muwe na sheria moja tu, akina mama wa pweza wakigeuka na nyie mnageuka, hata kama mtoto kaona simbi zuri kuliko yote.

Kabla ya safari wasimulie yote, na ndala isiachwe. Ongea taratibu, wakiuliza jibu. Ukiwaambia tu "msiende" bila kuwapa sababu, wataenda siku haupo, kama nyie mlivyoenda. Na mama yako kama yupo mpigie umuulize siku ile aliionaje yeye, nina hakika kuna kitu amekibeba mpaka leo, mzazi hasahau siku kama ile. Ila kama unashtuka usingizini au moyo unakwenda mbio ukiiona tu bahari kwenye tivii, hilo usipambane nalo mwenyewe, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri.

Yule mama wa kanga hujamtaja tena kwenye barua. Muulize mjomba ni nani, anaishi wapi, watu wa mtaa mmoja hawapotezani hivihivi. Kama yupo hai, nunua doti moja nzuri uende nayo na watoto wako wawili awaone. Kama ametangulia, basi kwa wanawe.

Na kabla hamjakata tiketi mpigie mjomba leo hii akwambie bamvua ya mwezi wa sita inaangukia tarehe ngapi.

Shangazi