Usinipite Mwokozi ni ya mfungwa au ya mama kipofu?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Juzi mazoezi ya kwaya yetu yalisimama kabisa kwa ubishi. Mzee wetu wa besi anasema Usinipite Mwokozi ilitungwa na mfungwa, sisi wa sauti ya kwanza tulifundishwa sande skuli kwamba ni mama kipofu. Nani yuko sahihi?
Soprano, Iringa

JIBU: Amina dada yangu. Aliyeandika ni mama kipofu, ila mzee wenu msimcheke, manake mfungwa yumo kweli ndani ya hii habari.

Mama mwenyewe anaitwa Fanny Crosby, kazaliwa 1820 huko jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na wiki sita tu macho yalimuuma, akaja mtu aliyejiita daktari akambandika dawa ya haradali ya moto, na familia yake waliamini hiyo ndo iliyompofusha. Baba akafariki mtoto hajafikisha hata mwaka, mama yake Fanny ikabidi akatafute kazi za ndani, bas aliyekaa naye sana ni bibi yake, akawa anamsomea Biblia na kumkaririsha mpaka binti akawa na vitabu vizima kichwani. Mi nikiimba nyimbo zake huwa namuona huyo bibi kabisa.

Sasa mwaka 1868 rafiki yake William Doane alimuomba aandike wimbo wenye maneno hayo ya kusihi usinipite. Baadaye Fanny akaenda kuongea na wafungwa, na katikati ya ibada mfungwa mmoja akapaza sauti akimlilia Bwana asimpite. Mama akarudi nyumbani na jioni ileile akayapanga maneno. Tuni akaitia Doane, ambaye wala hakuwa mchungaji, alikuwa na kiwanda cha mashine za useremala Cincinnati. Kwahiyo kilio ni cha mfungwa, maneno ni ya mama, sauti ni ya mwenye kiwanda, na kwenye kitabu changu cha Tenzi za Rohoni hakuna hata jina moja kati ya hao. Inaniuma sana hiyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naanza kutunga nyimbo za kwaya. Nianze na maneno au tuni?
Mtunzi mchanga, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Njia zote mbili zinafika, huyohuyo mama alizitumia zote. Usinipite ilianza maneno. Lakini mwaka huohuo wa 1868 Doane alimjia na tuni mkononi, akamwambia ana dakika 40 tu awahi treni, akampigia, na mama akamaliza maneno kabla muda haujaisha, ndo ule wimbo wa kuwa salama mikononi mwa Yesu. Wimbo wa Ndiyo Dhamana nao hivyohivyo, 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia tuni akamuuliza hii inasema nini, naye akajibu palepale. Alikuwa anatunga yote kichwani halafu anamwambia mtu aandike.

Ila wewe unatunga Kiswahili, kwahiyo hesabu silabi. Chukua karatasi uandike U-si-ni-pi-te Mwo-ko-zi, ni nane. U-ni-si-ki-e, tano. U-na-po-zu-ru we-ngi-ne, nane tena. U-si-ni-pi-te, tano. Kiingereza chake kiko nane tano nane tano vilevile, aliyetafsiri alifanya kazi kubwa mno jamani, hakuna silabi imebaki nje wala kubanwa. Sasa imba polepole usikilize ile "unisikie". Ukiongea mkazo unaangukia kwenye "ki", lakini tuni inaivuta ile "e" ya mwisho. Tumeshazoea tangu utoto hatusikii tena, ila hiyo ndo shida ya kutia maneno yetu kwenye tuni ya wenzetu. Wewe huna sababu ya kubeba mzigo huo. Soma ubeti kwa sauti mara kumi kama unaongea na mtu, sikia panapopanda na panapolala, halafu tuni ifuate hapohapo.

SWALI: Huyo mama wa tenzi alipata hela? Mtunzi wa kwaya yetu hajawahi kuona hata senti na albamu imeuza.
Mweka hazina wa kwaya, Nakuru

JIBU: Hakupata za maana. Aliandika nyimbo zaidi ya 8,000, na kwa wimbo mmoja alikuwa analipwa dola moja au mbili, haki zinabaki kwa mchapishaji. Zikawa nyingi mpaka wachapishaji wakaona aibu kitabu kujaa jina moja, wakawa wanamwekea majina ya bandia, karibu 200! Aliishi mitaa ya kimaskini New York na kilichopatikana alikigawa kwa wahitaji, lakini hilo alichagua yeye, msilitumie kumnyima mtunzi wenu. Wewe ndo unashika hela kwahiyo liko mikononi mwako: mkae naye kabla ya kuingia studio tena, mwandikishane asilimia yake, na jina lake likae kwenye kava na juu ya kila karatasi ya noti mnayotoa kopi.