Yaya, promota ananiita Nairobi nikamiksi, niende peke yangu?

ULIZO: Yaya, jambo sana. Niko na miaka 23, naishi komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kazi yangu ni dijei, namiksi kwenye ndoa na wikendi niko kwenye baa moja ya Kamalondo. Sasa promota mmoja wa Nairobi aliona mavideo yangu Instagram, ananiita nikapige usiku mbili, tiketi atalipa yeye, lakini anasema pale imigresheni niseme tu naenda kusalimia ndugu, na falanga zangu atanipa nikishamaliza. Sijapanda ndege hata siku moja. Mama analia, anasema mtoto mwanamke haendi peke yake kwa watu hatujui, baba yeye amenyamaza tu. Niende ao nisiende?

JIBU: Mdogo wangu, jambo. Unatoka Kenya unaenda Kenya, nilicheka kwanza, kisha nikasoma barua tena na kicheko kikaisha. Kutoka Katanga kwenda kupiga muziki Nairobi haikuanza na weye, Jean-Bosco Mwenda na Édouard Masengo walishafika kule na magita yao wakati wazazi wako hata hawajajuana, na mpaka leo ukiwawekea watu wa Nairobi sebene, ile sehemu ya gita ya kuchezesha, hawakai kwenye kiti. Hapo sina neno. Mwenye kunitia wasiwasi ni huyu promota na hayo maneno yake ya imigresheni.

Sikia vizuri. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na tangu Septemba 2023 sisi Wakongomani tunaingia Kenya bila viza, sawa, lakini hiyo ni ya kwenda kutembea, si ya kwenda kulipwa. Mgeni anayekuja kufanya kazi ya muda mfupi anaombewa kibali, kule wanakiita Special Pass, na wa kukishughulikia ni huyo anayekualika. Promota wa kweli hilo analijua kuliko mimi. Akikwambia danganya, ujue siku ikiharibika jina lako njo litaandikwa, yeye atazima simu. Tena kuna ubaya mwingine watu hawauoni: ukiingia kwa uongo, usiku asipokulipa utaenda kumshitaki wapi? Utaanza kuwaeleza polisi nini? Wengine wanapenda muingie hivyo juu ya hiyo tu.

Kwa hiyo mwandikie leo, mwambie unataka kontra: jina la klabu, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, falanga ngapi, hoteli na chakula na teksi nani analipa, na nusu ya falanga iingie mbele hujatoka Lubumbashi. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi, na usiridhike na picha aliyokutumia, chukua ile namba ya buking uitafute mwenyewe kwenye saiti ya kampani ya ndege. Kisha piga simu klabu, namba yao uitafute pembeni, si ile promota amekupa, uwaulize kama tarehe ile wanamngoja dijei wa Lubumbashi. Akianza kukasirika, eti dada mbona huniamini, basi bakia Kamalondo, jibu umeshalipata.

Yote ikiwa sawa, enda. Peke yako, ndiyo. Mama usimgombeze, mpe vitu vya kushika mkononi: jina na namba ya hoteli, namba ya klabu, kopi ya kontra na ya pasipoti, na mpatane saa ya kumpigia kila siku (Nairobi wako mbele yetu saa moja, usimwamshe bure). Baba kunyamaza si kukataa, baba wa hapa wakikataa unasikia mpaka Katuba.

Chanjo ya homa ya manjano, kama hujafanya, uifanye siku 10 mbele ya safari ao zaidi, na ile kadi inatumika maisha yote. Pasipoti inakaa kwako, hata mtu akisema anakutunzia, hoteli wanaiangalia wanakurudishia palepale, kwisha. Ukiwa unapiga, chupa yako uifungue mwenyewe, ukienda toilet ukarudi usiinywe tena, nunua ingine. Na saa kumi ya usiku, mteja aliyependa muziki wako akisema nikusindikize na motokari, mwambie aksanti, teksi yako iko kwenye kontra.

ULIZO: Yaya, mimi pia ni dijei, nilivuka mpaka pale Kasumbalesa nikaenda kupiga Kitwe, Zambia, flashi yangu ikakataa kusomeka kwenye mashini zao, na kwa kompyuta yangu inasomeka vizuri kabisa. Watu wananiangalia tu, mpaka mtu akanikopesha laptop. Kasoro iko wapi?

JIBU: Pole. Karibu hakika flashi yako iko kwenye NTFS ao exFAT, hizo ni namna za kufomati flashi, na zile CDJ za Pioneer, mashini za dijei zinazokutwa kwenye klabu nyingi, hasa za zamani, hazitaki hiyo, zinataka FAT32. Ifomati hivyo (inafuta yote, kwa hiyo uhifadhi nyimbo kwanza), kisha uziingize nyimbo kwenye flashi kupitia Rekordbox, programu ya kompyuta ya kutayarishia nyimbo za CDJ, usizikopi tu kwa mkono. Nyimbo ziwe faili za MP3, zile za FLAC mashini za CDJ-2000 za kwanza hazizipigi. Na ubebe flashi mbili zinazofanana, moja mfukoni moja kwenye sanduku.

Kaske, yaani hedifoni, beba yako, za klabu zinanuka jasho la watu wote. Prizi za Zambia utakuta nyingi ni za meno matatu ya mraba, kwa hiyo adapta, na ukienda Johannesburg ni ingine tena, meno matatu manene ya mviringo. Pawabanki inaingia kwenye mfuko wa mkononi, ndege haikubali kwenye mzigo wa chini. Kama unabeba kontrola yako, ile mashini ya kumiksia, andika namba yake ya serie kwenye karatasi na uombe dwani (forodha) wa kwetu wagonge muhuri ukiwa unatoka, si ukiwa unarudi, ukirudi watakwambia umeinunua Zambia, ulipe.