Kabla ya bendi mpya, warudieni walioachwa mlangoni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetutaka sisi wasomaji tutaje bendi ya roki ambayo haijaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, lile Jumba la Heshima lililoko Cleveland, Marekani, na ambayo kwa maoni yetu inastahili kuwemo. Nililisoma asubuhi na hadi jioni lilikuwa bado linanikera, si kwa sababu ni swali baya, bali kwa sababu linachukulia kwamba wote waliokwisha kuingia waliingia na wenzao. Kwa hiyo mniwie radhi nisipotaja bendi mpya. Mimi nataka kuzungumzia watu ambao mwenzao aliingizwa ndani, nao wakaachwa mlangoni.

Naamini ndugu zetu wa Unguja watakumbusha kwamba Queen waliingia mwaka 2001, na watajivunia, kwa haki kabisa, kwamba Freddie Mercury alizaliwa kwao mwaka 1946. Tazameni basi jinsi Queen walivyoingia. Waliingia wanne: Mercury, aliyekuwa amekwisha kufariki, pamoja na Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Hakuna aliyedai kwamba kwa kuwa mwimbaji ndiye anayejulikana dunia nzima, basi yeye peke yake anatosha. Sasa rudini nyuma hadi mwaka 1994, jumba hilo hilo lilipompokea Bob Marley, akitambulishwa na Bono, mwimbaji wa bendi ya U2. Aliyepokewa ni Marley peke yake. Peter Tosh na Bunny Wailer, walioanza kuimba naye Trenchtown, mtaa wa Kingston, mwanzoni mwa miaka ya sitini na kurekodi naye zile nyimbo za kwanza zilizowapa jina Jamaika, hawakuingizwa. Ndugu wawili, Aston Barrett wa gitaa la besi na Carlton Barrett wa drams, hawakuingizwa. Tosh na Carlton walikuwa wamekwisha kuuawa, wote wawili mwaka 1987; lakini Bunny na Aston walikuwa hai na wenye uwezo wa kupanda jukwaani kupokea kilicho chao.

Watakuwapo watakaosema kwamba hao ni watu wa rege na swali lenu ni la roki. Hoja hiyo jumba lenyewe liliimaliza lilipompokea Marley, na baadaye Jimmy Cliff mwaka 2010. Tena Wailers, yaani bendi hiyo ya Marley na wenzake, waliingizwa sokoni kama bendi ya roki kwa makusudi. Santuri ya Catch a Fire ya mwaka 1973 ilianza kurekodiwa Jamaika, kisha kanda zikapelekwa London, ambako Chris Blackwell, mwenye kampuni ya santuri ya Island, alimwita Mmarekani Wayne Perkins aongeze gitaa na John Bundrick aongeze kinanda, ili masikio ya vijana wa Ulaya waliozoea roki yasishtuke. Anayetaka kuhakikisha na ausikilize Concrete Jungle, hasa lile gitaa linalolia katikati ya wimbo. Hilo si gitaa la Kingston. Na santuri hiyo ilipotoka mara ya kwanza, ikiwa na jalada lenye umbo la kiberiti cha petroli, jina lililoandikwa lilikuwa The Wailers. Mwaka uliofuata ilipotolewa tena, jalada lilikuwa uso wa Marley akivuta bangi, na jina likawa Bob Marley and the Wailers. Muziki ulikuwa ule ule, na waliopiga walikuwa wale wale.

Mambo haya sikuyapata vitabuni kwanza. Niliyapata Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda cha fundi redio, miaka michache baada ya Marley kufariki. Fundi huyo alikuwa na kazi mbili: mchana alichomelea waya za redio za watu, na jioni alirekodi kanda na kuziuza. Kanda mpya zilikuwa adimu wakati ule, kwa hiyo mteja alikwenda na kanda yake kuukuu, hata ikiwa ya hotuba, naye fundi akaifuta na kuipandishia muziki. Pale mbele palikuwa na benchi, na benchi hilo ndilo lililokuwa maskani ya kaka yangu na wenzake. Mimi nilikuwa mdogo, nilitumwa kumwita kaka nyumbani, nami nikawa ninabaki.

Siku moja ulizuka ubishi juu ya wimbo wa Get Up, Stand Up. Kanda ya fundi iliandikwa BOB kwa kalamu ya wino, basi, neno moja tu. Kaka alisema kwamba anayeimba ubeti wa tatu si Bob. Wenzake walimcheka sana. Mmoja alisema ni Bob huyo huyo ila amekasirika, kwa kuwa maneno ya ubeti ule ni ya mtu aliyechoshwa, na mtu akikasirika sauti huwa nzito. Mwingine alisema ni ubovu wa kanda. Fundi aliirudisha kanda mwanzo, wakasikiliza. Akairudisha tena, wakasikiliza. Kisha akafungua nyuma ya spika na kurekebisha kitu, akidai kwamba sasa sauti itatoka kama ilivyo. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na spika, amefumba macho, na ubeti wa tatu ulipoingia alinyoosha kidole bila kusema neno. Hata mimi nilisikia. Sauti ya tatu ilikuwa kavu na ya chini kidogo, haikuwa na ule mtetemo wa Bob unaotaka kulia. Ilisema kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu. Lakini wengi walishinda, kama ilivyo kawaida ya benchi, na kaka akaambiwa alipe chai na mihogo ya wote.

Ubishi ulikatwa na baharia mmoja wa mtaani kwetu aliyerudi kutoka Ulaya na santuri ya Burnin', ambamo wimbo huo umo. Alikuja nayo kibandani ameifunga kwa kanga ili isipigwe na jua. Jalada lilikuwa la rangi ya ubao, na juu ya ubao huo vimechomwa vichwa vya watu sita. Fundi alivihesabu kwa ncha ya bisibisi, akarudia. Jina la Bob Marley halikuwapo mbele. Palikuwa na jina la Wailers. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri, mbele ya wimbo ule, yaliandikwa majina mawili, la Marley na la Tosh. Baharia akatueleza kwamba mwenye ubeti wa tatu ni Peter Tosh, na kwamba hata wimbo wa One Foundation ni yeye anayeongoza, na nyimbo za Hallelujah Time na Pass It On ni Bunny. Yaani katika kanda iliyoandikwa BOB, tulikuwa tumewasikiliza watu wengine muda wote tukimsifu mmoja. Wale waliokula mihogo hawakumrudishia kaka fedha yake, lakini fundi, ambaye alikuwa mtu wa haki, alichukua kalamu, akaikata BOB na kuandika WAILERS.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua kila ninaposikia habari za majumba ya heshima. Zile kanda zilizoandikwa WAILERS hazikununuliwa. Wateja walifika wakauliza kama kuna Bob, fundi akawaonyesha, wakasoma, wakazirudisha mezani wakisema hao hawawajui. Alieleza mpaka akachoka. Mwisho wa mwezi aliandika tena BOB juu ya zote, zikaisha. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha. Jumba la Cleveland halina sababu hiyo.

Tena jumba hilo linajua kurekebisha. Buddy Holly aliingizwa mwaka 1986, katika kundi la kwanza kabisa, bila wenzake wa The Crickets. James Brown aliingizwa mwaka huo huo bila The Famous Flames, na Smokey Robinson mwaka uliofuata bila The Miracles. Malalamiko yaliendelea miaka mingi, hadi mwaka 2012 kamati maalumu ilipoyaingiza kwa mkupuo mmoja makundi sita yaliyoachwa nyuma ya waimbaji wao. Mbali na hayo matatu, waliingia The Comets wa Bill Haley, The Blue Caps wa Gene Vincent na The Midnighters wa Hank Ballard. Wailers hawakuwamo. Na jambo linalouma zaidi ni kwamba mwaka ule ule wa 2001 Queen walipopokewa, Chris Blackwell naye alipokewa, katika nafasi ya wasiopiga muziki. Sipingi heshima yake. Alikuwa mtu aliyewaamini vijana wa Trenchtown na kuwapa fedha za kurekodi wakati wengine hawakuwataka. Lakini mwenye kampuni akiwa ndani, na mwimbaji wa mbele akiwa ndani, halafu walioujenga muziki wenyewe wakawa nje, hesabu hiyo hainiingii akilini.

Nilipoanza kuandika barua hii, azma yangu ilikuwa kumalizia kwa kudai Wailers waitwe kama walivyoitwa The Crickets, na hapo niweke kalamu chini. Ila kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona ugumu ambao kwenye benchi la Ngamiani hatukuufikiria. Wailers wepi? Wa mwanzo kabisa walikuwamo pia Junior Braithwaite, Beverley Kelso na Cherry Smith. Wa Burnin' ni wale sita wa kwenye ubao, Marley na Tosh na Bunny, akina Barrett wawili, na Earl Lindo wa kinanda. Bunny na Tosh walipoondoka, wakaja I-Threes, yaani Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, wakaja Al Anderson na Junior Marvin wa magitaa, na Tyrone Downie wa kinanda. Hao ndio waliokuwa na Marley katika miaka ambayo dunia nzima ilimjua. Kamati ikiketi kuandika orodha, lazima itamkata mtu. Tulishuhudia mwaka 2014 bendi ya Kiss walipoingizwa wale wanne wa asili tu, na waliokuja baadaye wakaachwa, mpaka wenyewe wakalalamika hadharani. Tukisema tunaondoa dhuluma kwa wachache, huenda tukaifanya upya kwa wengi.

Vilevile sina budi kukiri kwamba waliomchagua Marley peke yake hawakukosa hoja kabisa. Kuanzia santuri ya Natty Dread ya mwaka 1974 jina lake lilikuwa mbele, nyimbo nyingi ni zake, na Bunny aliacha safari mwenyewe mwaka 1973 kwa kuwa hakukubaliana na ile ziara ya vilabu vya ughaibuni. Mtu aliyeshuka melini kwa hiari yake hawezi kulalamika kwamba meli imefika bandarini bila yeye. Naandika hivyo na bado nafsi yangu haijaridhika, kwa sababu Bunny alikuwamo wakati meli hiyo inaundwa.

Basi mkinilazimisha kutaja jina, sitataja Wailers, ingawa nimetumia ukurasa mzima kuwatetea. Nitawataja Aston na Carlton Barrett. Hao wawili walitoka katika bendi ya The Upsetters ya mtayarishaji wa muziki Lee Perry, wakakaa na Marley tangu wakati wa Tosh na Bunny hadi mwisho. Sikilizeni anachofanya Carlton. Mpiga drams wa roki kwa kawaida hupiga ngoma ya mguu kwenye pigo la kwanza. Yeye aliliacha wazi, akasubiri la tatu, ndipo akapiga ngoma ya mguu na ukingo wa ngoma ndogo kwa pamoja, na katika uwazi ule kaka yake akaingiza besi inayoimba kama sauti ya pili. Waondoe hao wawili katika wimbo wowote wa Marley wa miaka ile, utabaki na mashairi mazuri yasiyo na mahali pa kusimama. Mwaka 2006 Aston alikwenda mahakamani London kudai mirabaha aliyoamini ni haki yake, akashindwa. Alifariki Februari 2024.

Jumba lina tuzo iitwayo Musical Excellence, ambayo asili yake ni heshima ya wanamuziki waliopiga nyuma ya majina makubwa, na hiyo ndiyo ninayowatakia. Tatizo ni kwamba tuzo hiyo hutolewa na kamati. Mashabiki hawaipigii kura, na hata kura yetu katika orodha ya kawaida ni ndogo, kwani kura zetu zote hujumlishwa zikahesabiwa kama karatasi moja kati ya zaidi ya elfu. Mwaka 2021 Fela Kuti alishika nafasi ya pili kwa mashabiki na bado hakuchaguliwa mwaka huo. Kwa hiyo sitarajii barua hii ifike mbali.

Wapenzi wa Tosh watanikasirikia, na kaka yangu atakuwa wa kwanza. Namwomba akumbuke kwamba Tosh ana santuri zake, Legalize It na Equal Rights, na ana Grammy aliyopewa baada ya kifo. Anaweza kupendekezwa mwaka wowote kwa jina lake mwenyewe, na Bunny vivyo hivyo kwa Blackheart Man. Akina Barrett hawana njia nyingine ya kuingilia.

Msomaji wenu,
Tanga